Miaka Saba Hewani

3 Februari

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limetulia unaposimama kunyoa wateja. Mimi sijambo, ila hili bega, mvua ikikaribia linanijulisha kabla ya redio. Mwenzangu wa sarakasi, Kiberiti, anakusalimu sana. Anasema kwenye hiki kiti cha magurudumu amenenepa mashavu tu.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilisema nimepata kazi ya kufundisha, ukasikia nimepata mchumba, ukawatangazia wateja wote. Kwa hiyo naandika.

Babu, nataka kusoma sheria.

Unakumbuka Kiberiti alipoanguka, meneja wa kikundi chetu cha sarakasi alisimama pale wodini akasema yote yamo kwenye mkataba tuliosaini. Niliusoma ule mkataba pembeni ya kitanda. Kila neno nililijua, ila sikujua yakikaa pamoja yanasema nini. Hamu hii ilinianza siku ile na haijanitoka.

Leo nimekwenda chuoni, dirisha la maombi. Karani, mama mmoja mwenye miwani puani, alizigeuza karatasi zangu kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Shule za msingi nne. Sekondari nimeacha kidato cha pili nikafuata sarakasi. Halafu miaka saba mitupu. Halafu mtihani wa kidato cha nne niliofanya ukubwani, peke yangu: historia nimepasua, Kiswahili nimepasua, hesabu nimeanguka, nimerudia, nimeanguka, ya tatu nimepita kwa kukwaruza.

"Dada, hii miaka saba ulikuwa wapi?"

"Hewani," nikamwambia.

Hakucheka. Alisema watu wazima wanaweza kuingia kwa mtihani maalumu na usaili, ila nilete maelezo ya mtu anayejua nilivyosoma. Nani mwingine, babu? Niandikie ukurasa mmoja. Na tafadhali usiweke utani.

Mjukuu wako


16 Februari

Mchumba wangu,

Marahaba. Goti lipo, linasalimia kila ngazi. Wateja wazima, wanaopungua nywele wanaongezeka maneno.

Maelezo nimeandika na nimeyatuma. Utani nimeweka mdogo tu, wa kusindikiza. Nimewaambia shule nne ni kwa sababu baba yako alikuwa fundi wa nguzo za umeme, nguzo zikihama na nyie mnahama. Nimewaambia ulipokuja kuishi kwangu ulikuwa unasoma magazeti yale ninayofutia wembe, unanishika mkono: babu, hili bado, sijamaliza. Nimewaambia ulipoondoka na wanasarakasi bibi yako, Mungu amrehemu, alinuna mpaka nikajifunza kupika.

Baba yako mkubwa ameuliza, huyu atakula sheria? Nikamwambia miaka yote hiyo alikula kwa kutembea kwa mikono, mbona hukuuliza.

Ninachokiogopa ni kimoja. Katika ule mnara wenu wewe ndiye uliyekuwa chini, wenzako wakipanda mabegani. Umezoea kubeba. Mtu wa namna hiyo hajui kusema jamani naomba kutua.

Nenda kwenye mtihani. Kula kwanza.

Babu yako


21 Machi

Babu,

Shikamoo. Umeamkaje? Sisi wazima.

Mtihani nimefaulu. Jana ndiyo ulikuwa usaili. Watu watatu, meza ndefu, kiti changu kimekaa mbali kama cha mtuhumiwa. Mwalimu mmoja, mama mwenye sauti ya chini, alianza bila kunipasha moto: "Hesabu umeanguka mara mbili. Kwa nini tuamini masomo haya utayamaliza?"

Nikamwambia, "Mwalimu, kujifunza kupinduka hewani ni kuanguka kutwa nzima, na hakuna anayekuandika. Kwenye hesabu waliandika."

Mzee wa pembeni akaweka kalamu chini. Akataka nimweleze siku ile ya Kiberiti. Nikamweleza. Jukwaa lilikuwa limelowa, tulimwambia meneja, akasema watazamaji wameshakaa. Nilikuwa chini. Nilisikia nyayo zake zinaondoka mabegani kwangu, zote mbili, na hazikurudi.

"Kwa hiyo unataka sheria ukamlipize?" akaniuliza.

 Nikasema mwanzoni ndiyo. Siku hizi nafundisha wasichana sarakasi, babu, na yupo mmoja anayeruka kama amewekewa springi. Kesho kutwa atatokea mtu na karatasi amwambie saini hapa. Nataka awe na wa kumuuliza. Hilo ndilo nililosema.

Wakasema asante, tutakujulisha. Nyuso zao sikuzielewa kabisa.

Mjukuu wako


10 Mei

Babu yangu,

Shikamoo. Afya yako? Sisi hatujambo.

Wamenikubali. Nimeanza na hilo kwa sababu linalofuata si zuri.

Masomo ni ya mchana, kila siku, na ya jioni hakuna. Ni mimi ninayempeleka Kiberiti zahanati kwenye mazoezi. Ni mimi ninayembeba kumwingiza bafuni, maana mlango ni mwembamba na kiti hakipiti. Mama yake alishafariki, dada yake yuko mbali na ana wachanga wawili. Nikikaa darasani mchana kutwa, yeye anakaa kitandani mchana kutwa.

Nitawaandikia chuo kwamba siwezi. Kiberiti nimemwambia bado hawajajibu. Usinishawishi, babu. Nimeligeuza kila upande, na kila upande yeye yumo. Nimelia kidogo, nimenawa uso, nimekwenda kufundisha.

Mjukuu wako


17 Mei

Mchumba,

Marahaba. Nimekuelewa. Sikushawishi.

Nina maswali tu. Kile kiti cha Kiberiti kina upana gani? Pima vizuri, usikisie. Chai anakunywa na sukari? Anakoroma? Redio anapenda mpira au taarabu? Hili la mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani.

Na chuo usiwaandikie kwanza. Nilimwona mtu mmoja aliyeinuka kwenye kiti changu nimemnyoa nusu, akaenda hivyo hivyo sokoni. Hakupendeza.

Babu yako


6 Juni

Babu,

Sijui nianze na shikamoo au na ugomvi. Shikamoo. Mmefika salama, wewe na Kiberiti? Hakurushwarushwa kwenye ile pikapu?

Chumba kimekuwa kikubwa. Nimefagia mara mbili bila sababu. Bado nina hasira na nyie wawili, na nataka uisome hasira hiyo kabla haijaisha.

Nilipotoka kazini nikakukuta unamnyoa Kiberiti nilidhani umekuja kusalimu. Kumbe begi lake limeshafungwa, umekuja kumchukua akaishi kwako. Kumbe karani wa chuo alipiga simu kuuliza kama nathibitisha, mimi niko bafuni, Kiberiti akapokea, akanyamaza nayo. Kumbe alikuwa ameshakuandikia mwenyewe. Watu wangu wawili mnapanga safari, mimi napima upana wa kiti kama mjinga.

Niliposema hapendi kuhamishwahamishwa kama kabati, wewe uliendelea na wembe. Yeye ndiye aliyesema. Nayaandika maneno yake hapa kwa sababu sitaki yanipotee:

"Ulipokuwa chini yangu, kazi yako ilikuwa kusimama imara. Lakini onyesho likiisha nilikuwa nashuka, au umesahau? Basi niache nishuke."

 Nilimsukuma mpaka kwenye gari, tukambeba wote, akanipigia saluti. Nyie mkaondoka, mimi nikabaki barabarani mikono imelegea, sijui niiweke wapi.

Leo asubuhi nimekwenda kuthibitisha. Karani alinitazama juu ya miwani akasema, "Haya, shuka sasa." Alimaanisha nishuke kutoka hewani. Mimi nikalia pale pale dirishani, na nyuma yangu watu wamepanga foleni.

Mjukuu wako


24 Juni

Mchumba wangu,

Marahaba. Tulifika salama. Pikapu ilituonea, lakini Kiberiti alicheka njia nzima kwa namna nilivyokuwa nikimtukana dereva.

Aliyebomoa mlango wa bafu langu ukapanuka ni baba yako mkubwa, yule wa "atakula sheria". Alikuja na nyundo, akavunja. Baadaye alisema hiyo siyo kwa ajili ya mtu, ni kwa ajili ya hewa.

Zahanati ya huku ni jirani, tunakwenda kwa kiti. Kiberiti ameniomba mkasi. Nikampa kichwa cha fundi viatu, kwa kuwa hakina cha kupoteza. Alimaliza, fundi akajitazama kwenye kioo, akasema, "Hii ni ngazi." Kiberiti akamwambia, "Ni mtindo." Fundi alirudi siku ya pili kusawazishwa, na alikuja na mdogo wake.

Anapenda taarabu. Nimepona.

Babu yako


12 Oktoba

Babu yangu,

Shikamoo. Habari za goti na za Kiberiti? Mimi mzima, ila macho yanawasha kwa kusoma.

Darasani mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Wananiita Shangazi. Mwanzo nilinuna, sasa naitika. Vitoto vile vinasoma ukurasa mara moja na vimeelewa, mimi narudia mpaka wafunga maktaba wanazima taa upande wangu. Zoezi la kwanza nimepata alama ya chini. La pili ya kati. Yule mwalimu wa sauti ya chini aliandika pembeni: "Endelea kuanguka."

Mwisho wa mwezi tuna likizo fupi. Nimepanga nije nikusaidie. Nakaa darasani najiuliza nani anambeba, nani anafua, mgongo wako ukoje. Sitaki kuwa mtu aliyewatwisha mzigo akaenda zake. Niambie ukweli, babu, nije?

Mjukuu wako


20 Oktoba

Mchumba wangu,

Marahaba. Umeomba ukweli, nakupa.

Hakuna anayembeba. Baba yako mkubwa amemfungia vyuma ukutani, anajihamisha mwenyewe, na ukijaribu kumshika anakupiga kofi mkononi. Nguo tunafua Jumamosi tukibishana. Asubuhi tunanyoa. Jioni watoto wa mtaa wanajaa uani kujifunza kusimama kwa mikono, yeye kwenye kiti chake anawafokea kama jenerali, na mama zao wanakuja kuwatafuta, wakifika wanakaa. Juzi nimehesabu vikombe nikakuta havitoshi, nimeazima kwa jirani.

Tangu bibi yako aondoke nilikuwa nachelewa kufunga duka. Nafagia nywele ambazo hazipo. Nyumbani palikuwa hapana mtu wa kuniuliza nimechelewa wapi. Siku hizi jua likianza tu kuteremka Kiberiti ananiambia, babu, funga, twende.

Kitanda chako kina mtu. Ukija utalala jikoni, na mimi nitafurahi, utajua mwenyewe nitakavyofurahi. Lakini usije kutusaidia. Njoo ukimaliza mitihani, uje kama mgeni, ukae, uletewe chai.

Nyumba imejaa, mchumba. Soma.

Babu yako