Ukweli juu ya Kifo cha Gaju

Kingi, tarehe 9 mwezi wa saba 2021

Mpendwa baba mudogo Bisengimana,

Nakusalimu sana katika jina la Yesu. Afya yako iko namna gani huko Walikale? Na mama mudogo Laetitia, mugongo bado unamusumbua? Sisi tuko wazima, ni mvua tu njo inatuchosha.

Masomo yangu ya veterineri yanaendelea, niko mwaka wa pili. Lakini leo naandika juu ya Gaju, ile ng'ombe uliyotuachia, na haya imenishika.

Tulikuambia Gaju alikufa kwa sababu mulishaji, papa Muhawenimana, alimuacha akule majani yenye umande. Ni kweli alivimba tumbo. Lakini aliyemuua ni mimi.

Daktari alikuwa mbali, nikachukua chuma cha kutobolea tulichopewa shuleni. Nilijua panse, lile tumbo kubwa linalojaa hewa, iko upande wa kushoto. Mu interro, ule mutihani mudogo wa darasani, nilipata kumi juu ya kumi. Ila nilikuwa nimesimama mbele yake, namuangalia uso, na kushoto kwangu kulikuwa kuume kwake. Nikatoboa utumbo. Hewa haikutoka, ilitoka damu na mavi. Kabla ya saa sita alikata roho.

Mama akamulaumu mulishaji, akamufukuza. Mimi nilikuwa pale pale, kamba mukononi, nikanyamaza. Miezi mitatu, baba mudogo!

Wiki iliyopita mwalimu alitupasulia ng'ombe iliyokufa, akaniita nionyeshe pa kutoboa. Nilishindwa kunyoosha mukono. Nikatoka nje, nikalia.

Jumamosi nikamufuata papa Muhawenimana. Alikuwa analima maharagwe ya watu. Nikapiga magoti, nikasema yote.

"Nilikuona, mutoto," akaniambia. "Nilijua ule haukuwa upande wa kutoboa."

"Mbona hukusema?"

"Wewe njo mwenye kusoma. Nani angenisikiliza?"

Nimemuambia mama. Hakunipiga wala kunitukana. Alikaa tu jikoni mupaka moto ukazima. Kesho yake alienda kumuomba papa Muhawenimana arudi. Amekataa. Anasema alifukuzwa kwa ng'ombe yako, basi neno la kumusafisha litoke kwako. Tafazali, umuandikie kwa mukono wako, na unitaje jina.

Mama Kampire anakusalimu, na kaka Rukundo pia. Papa Muhawenimana sikuthubutu kumuomba salamu.

Bwana awalinde nyumbani mwenu na awape usingizi mwema.

Mutoto wako anayekupenda, asiyestahili kukuangalia usoni,

Uwamwezi