Waya wa Kwanza

Kombo, mtani wangu,

Sikuulizi hali. Wewe ndiye uliyefika kwenye majibu, sisi huku bado tunaulizana. Mimi mzima, ila nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ni ule wa kushika kikombe cha chai mpaka kinapoa, na hukumbuki kama ulitaka kunywa.

Nakuandikia kwa herufi za kisomo cha watu wazima, zile ulizokuwa ukizicheka, ukisema kuku amepita kwenye karatasi. Naandika nyuma ya fomu za simu za maandishi kwa sababu madaftari dukani hakuna. Sabuni pia hakuna, na sukari tunapanga foleni. Hayo uliyaacha hivyo hivyo. Jipya ni kwamba mashine ya kuchapa simu imekuja.

Ndiyo, ileile. Uliyoingoja mpaka mvi zikakutoka masikioni. Arobaini yako haijafika, ikashushwa pwani mabegani mwa watu wanne, maji kiunoni, nami nyuma nawapigia kelele wasiiloweshe, kama kwamba ni harusi yangu. Ulikosa nini hukungoja kidogo? Siku zote ulikuwa unawahi mahali pasipokuwa na haraka.

Tangu ufe kisiwa hiki bubu. Kidole kilichojua kugonga kilikuwa chako, na sikio lililojua kusikia lilikuwa lako, nawe umeondoka na vyote viwili kama mwenye duka aliyesafiri na funguo. Simu zinakwenda kwa chombo, pamoja na magunia ya nazi, zikifika zimefika. Mwanao Haji, huko Mtwara, alipata habari zako tumeshasoma hitima. Alishuka na kanzu mpya ya mazikoni mkononi, haijavaliwa, akaniuliza kaburi liko wapi. Nikampeleka. Mimi niliyekutukana mazikoni kama mtani anavyopaswa, mpaka mkeo Bi Mwanaidi akacheka na machozi yake, siku ile na Haji nilisawazisha tu mchanga wa kaburi.

Basi ndiyo maana niliitaka ile mashine. Sikumwambia mtu. Tarishi atake mashine ya nini?

Ilikuja na mtaalamu wake kutoka Dar es Salaam, Ndugu Anselm, mtu wa bara, mrefu, suruali yake pana chini inafagia mchanga wote wa Kilindoni. Si mtu mbaya. Ila anapokueleza kitu husema kwanza polepole, kisha tena kwa sauti kubwa, kama vile ujinga ni uziwi. Akanieleza hivi. Ukibonyeza herufi, haiendi nzima. Inakatwa vipande, na vipande vinapita kwenye waya kimoja nyuma ya kingine, kama watu wanaotoka msikitini kwa mlango mwembamba. Kando ya mashine kuna kisanduku anachokiita modemu. Hicho kinageuza vipande kuwa mlio, mlio unaruka hewani kutoka mlingoti wa redio hadi Dar, na huko kisanduku mwenzake kinageuza mlio kuwa herufi tena. Mimi nikakiita mkalimani. Na wakalimani hao wawili lazima wawekwe kwenye kasi moja, la sivyo huyu anasema maneno na yule anasikia upuuzi. Nikamwambia hilo nalijua, nimeoa mara tatu. Hakucheka.

Nyaya ni zako zilezile nne, zinazotoka ofisini hadi kibanda cha mlingoti. Zinaishia ukutani kwenye ule ubao wa skrubu nne. Mbili za kusemea, mbili za kusikilizia. Zipi ni zipi? Hukuandika hata nukta juu ya ubao, jeuri wee. Ikabidi niende kwa Bi Mwanaidi. Akatoa daftari lako, alilokuwa amelifunga ndani ya kanga pamoja na miwani yako. Amekonda, Kombo. Aliniambia nilirudishe.

Ulichora ubao, skrubu nne kwa safu, na chini ukaandika kwa herufi za Kiarabu, zile za chuo. Ndugu Anselm akaligeuza daftari juu chini, halafu akanipa. "Mzee, nisomee." Nikamsomea: wa kwanza na wa pili wa kusema, wa tatu na wa nne wa kusikia. Akafunga nyaya. Mimi sikutazama alikofunga. Nilikuwa naitazama ile herufi yako ya nuni yenye tumbo kubwa, nikawa nakusikia unavyokohoa kabla hujasema. Nikakumbuka ulivyokuwa ukigonga matusi mezani kwa kidude chako cha simu, unanicheka kwa kuwa siyajui. Macho yangu hayakuwa ukutani.

Siku ya kwanza mashine haikusema kitu. Akaandika, akangoja, akaandika tena. Kimya. Siku ya pili akachukua kipande cha waya, akaunganisha mdomo wa mashine na sikio lake yenyewe, akaandika, ikajijibu neno kwa neno. Kumbe nzima, inazungumza peke yake kama mimi siku hizi. Akakagua kasi, sawasawa. Akaenda kibandani, akarudi jasho tupu. Siku ya tatu akasema nyaya za Mafia zimeliwa na chumvi. Akaandika ripoti kwamba mashine irudi na chombo cha Alhamisi, ipelekwe wilaya nyingine yenye nyaya zinazofaa. Bwana Posta akatia sahihi. Alivyo, angetia sahihi hata hati ya kifo chake, mradi ina muhuri.

Alhamisi asubuhi chombo kiko tayari, kasha liko wazi sakafuni. Ndugu Anselm yuko chini anakunja nyaya za mashine, mimi kanipa bisibisi nifungue ubaoni. Mkono ulikuwa mzito. Nilimwona Haji na ile kanzu yake. Nikafikiri, ikiondoka hii, watu wataendelea kuzikwa hapa na wana wao hawajui.

"Fungua wa kwanza," akasema.

Nikaweka bisibisi.

"Mzee, nimesema wa kwanza."

"Ndio huu."

Akainuka, akaweka kidole chake. "Wa kwanza ni huu."

Tukasimama pale, Kombo. Bisibisi yangu iko mwisho wa kulia, kidole chake kiko mwisho wa kushoto, katikati skrubu mbili zinatutazama. Nikamwuliza kwa nini anaanzia huko. Akasema watu wote wanaanzia huko. Nikamwonyesha daftari: Kombo ameanza kuandika upande huu wa kulia, na kuchora, na kuhesabu. Alitiwa chuoni kabla hajaota meno ya pili. Unadhani, nikamwuliza, alipofika kwenye nyaya angegeuka?

Kwa hiyo siku tatu zote mdomo wetu ulikuwa umefungwa kwenye mdomo wa Dar, na sikio kwenye sikio. Tunapayuka pamoja, hakuna anayesikiliza.

Hakunitukana. Ningekuwa mimi ningetukana. Aliketi juu ya kasha, akajifuta uso, akaniuliza mbona sikusema tangu siku ya kwanza. Ningemwambiaje? Kwamba nilikuwa nakusikiliza wewe ukikohoa? Nikamwambia, "Hukuniuliza."

Akabadilisha nyaya. Taa ndogo ya kisanduku ikawaka. Akaandika neno moja, na kabla hajatoa kidole mashine ikatikisika yenyewe, ikaanza kugonga, karatasi inapanda: KILINDONI NANI HAPO.

Ndugu Anselm akageuka kunitazama. "Mzee, wanauliza nani."

Tangu enzi za Mwingereza jibu la swali hilo lilikuwa jina lako. Nikamwambia andika, Kombo amefariki. Akaandika. Kisha ikagonga, polepole, kama mtu anayetafuta herufi: INNA LILLAHI. HUKU TULIAMBIWA NI LAINI MBOVU.

Nilitoka nje. Nilisema nakwenda kujisaidia.

Mashine imebaki. Chombo kiliondoka na Ndugu Anselm peke yake, na ripoti yake ameichana mwenyewe. Kabla ya kwenda aliandika namba ubaoni, kuanzia kushoto, kwa rangi nyeupe nzuri. Alipotoka nikachora chini yake mshale kutoka kulia, nikaandika kwa herufi za chuo: Kombo alianzia huku. Daftari nimelirudisha, nalo limerudi kwenye kanga.

Sasa simu zinamwagika, na unajua nani anazitembeza. Nimejitengenezea adhabu kwa mikono yangu mwenyewe. Miburani asubuhi, Utende mchana, nikirudi nakuta nyingine. Bwana Posta anasema nipewe baiskeli, suala liko kwenye kamati. Nitazikwa, nalo liko kwenye kamati.

Nikuage, mtani. Ulale, wala usijitie kusikiliza, kazi hiyo umestaafu. Ninakuahidi jambo moja, na safari hii sitanii: maadamu ninatembea, hatazikwa mtu kisiwani humu mwanawe akaja kuuliza kaburi. Zikiwa habari mbaya nitazipeleka kwanza, kabla sijala, na nitakaa na wenyewe mpaka waseme niondoke.

Hii niliyonayo mfukoni ni nzuri. Ya Ndagoni. Mwanamke amejifungua pacha huko Tanga, salama, na bibi yao hana habari. Ni ajuza mkali, hutoka mapema kwenda shamba. Acha nikamuwahi.

Mtani wako,
Shomari