Mnong'ono Niliousikia Kifuani Mwako

Mke wangu, Mama Tumaini,

Shikamoo. Najua nilikuzidi umri, lakini umenitangulia huko, basi wewe ndiye mkubwa sasa. Usijivune.

Unamkumbuka yule daktari binti aliyekusikiliza moyo? Alikulaza ubavu wa kushoto, akakuwekea kipimo chake chini ya titi, akafumba macho. Mimi nikaanza kumweleza kwamba moyo huo nimekaa nao tangu ujana, angeniuliza mimi tu. Akasema, "Babu, naomba unyamaze. Nasikia wewe tu." Ukacheka mpaka akaanza upya.

Kisha akatuambia moyo wako una mnong'ono. Nikamuuliza unamnong'oneza nani. Yeye hakucheka. Alinivalisha kile kipimo masikioni nisikie mwenyewe. Nilitegemea du-dup, du-dup, kama ya watu. Wako ulikuwa unasema du-shhh, du-shhh, kama unapepeta mahindi. Mlango mmoja wa moyo haufungiki, alisema, damu inarudi ilikotoka. Dawa zitapunguza, ila matengenezo yanafanyika Dar es Salaam. Ukamjibu kwa upole kwamba hujawahi kuona mlango wa hapa kwetu Majengo ukaitiwa fundi wa Dar.

Hukwenda. Uliogopa kufia huko ukazikwa na watu wasiojua hata jina la mama yako. Miguu ikavimba, ukawa huwezi kulala ila kwa kukaa, umeniegemea mgongoni. Nikawa nausikia ule mnong'ono kwenye mbavu zangu, au nilidhani nausikia. Asubuhi moja haukuwepo.

Sasa na mimi nimesikilizwa, na binti yuleyule. Alianzia juu kifuani, akaufuata mlio mpaka shingoni. Akaniuliza, "Babu, leo mbona huongei?" Sikuwa na utani hata mmoja. Wangu unakwaruza kama msumeno. Mlango umekakamaa, haufunguki vizuri. Mwanao anataka nipelekwe Dar wautengeneze, na wewe unanijua, mtu ninayekimbia sindano.

Nimemwambia nitakwenda. Siyo ujasiri, mama. Nimeona tu kwamba nikikaa hapa kusubiri kama wewe, sina mgongo wa kuegemea.

Nikitokea huko uliko mapema, usinicheke mbele za watu. Nisipotokea, vumilia, utakuwa umepumzika na maneno yangu kidogo.

Mumeo,
Baba Tumaini