Kidole cha Bibi na Mashine Mbili

4 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona? Maabara hawakuchoshi sana? Huku tu wazima, isipokuwa Bibi, na ndiyo sababu naandika.

Sukari yake imepanda. Mashine uliyomtumia inaonyesha kumi na sita. Nilirudia mara tatu, ikasema hivyo hivyo. Kliniki wakampima kwa mashine yao, nayo ikakubaliana na yetu. Daktari anasema vidonge vimeshindwa. Mwisho wa mwezi ataanzishiwa sindano za insulini, za tumboni. Baba naye ameamua meza anayouzia machungwa ya kumenya ifungwe, Bibi apumzike.

Bibi amenuna. "Sina kiu, siamki usiku kukojoa, nakula nashiba. Mgonjwa hapa nani, mimi au mashine?"

Baba akamjibu, "Mama, zote mbili zitakosea vipi?"

Nilitaka kumtetea, nikaishia kukuandikia wewe.

Mwanao

10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Barua yako niliisoma nimesimama, koti la kazi bado mwilini.

Kipimo kikirudia jibu lile lile, maana yake kinategemeka. Hiyo haitoshi kuonyesha kuwa kinasema kweli. Fundi cherehani mwenye tepu iliyokatika ncha atapata kiuno kile kile kila akipima, na suruali itapwaya kila mara. Mashine mbili zimekubaliana, sawa, ila zote zimeonja kidole kimoja. Na Mama kukosa kiu nako ni jibu, lisitupwe.

Mimi siko hapo, wewe upo. Kaa naye, tazama anavyojipima, tangu mwanzo hadi tone linapoingia. Dawa msibadilishe. Utakachoona, kamwambie daktari kwa mdomo wako. Najua unavyopenda kujificha nyuma ya kitabu. Safari hii kiache nyumbani.

Shangazi yako

29 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Habari za kazi? Bibi anakusalimu, anasema unenepe.

Nimeona! Bibi hujipima pale pale mezani, kati ya wateja. Anaweka kisu, anajifuta kwa aproni, anatoboa, na kidole bado kina maji ya machungwa. Kliniki nako foleni ikiwa ndefu huwamenyea wagonjwa wenzake machungwa. Muuguzi humfuta kwa spiriti, lakini daktari amenieleza kwamba spiriti haiondoi sukari yote ya tunda.

Nilimwosha mkono mmoja kwa sabuni: saba. Mkono wa pili, haujaoshwa: kumi na tano. Nikahofu nimebahatisha, nikarudia siku nyingine, na nyingine tena. Ikawa vile vile.

Leo tulikwenda kliniki na Baba; daktari alikuwa ameshashika kalamu aandike sindano. Nikajisogeza nyuma ya bega la Bibi. Bibi akanipiga kiwiko. "Sema, bubu wangu! Au unangoja nitobolewe na tumbo?"

Nikasema, macho yangu kwenye viatu vya daktari. Hakucheka. Aliweka kalamu chini, akauliza maswali mawili, kisha akaagiza damu ya mshipani ipimwe, pamoja na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Majibu ni Ijumaa.

Nikiwa nimekosea je? Nitakuwa nimemcheleweshea Bibi dawa. Baba hakunisemesha njia nzima ya kurudi.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa Mama; mwambie kunenepa nimeshanenepa.

Nilikuwa nangoja barua yako, kumbe kaka yangu amekuwahi kwa simu. Baba yako, ambaye simu zake huisha kabla sijakaa, jana alizungumza mpaka salio likakatika, akatafuta jingine akapiga tena. Wastani wa Mama ni mzuri. Sindano haipo. Meza ameirudisha nje mwenyewe, na pembeni ameweka ndoo ya maji na sabuni.

Nikamuuliza, "Umemwambia mtoto kwamba amefanya vizuri?"

"Aah, dada. Naanzia wapi?"

Aibu yako nimejua ilikotoka. Basi nakuandikia aliyoyasema, neno kwa neno, maana yeye hataweza: "Majibu yalipotoka, daktari alisimama akampa mkono, dada. Akamwita 'daktari mwenzangu'. Mimi nimekaa pale kama mzigo, natamani kuwapigia kelele watu wote wa foleni kwamba huyu ni wangu."

Usimwambie kuwa nimekuambia.

Shangazi yako, anayetembea kifua mbele