Mstari Unaofuta

Bi Nafisa mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana mama yangu mdogo anasema wewe humwachi mtu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, kwetu Quionga lakini naishi Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, natengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko, ila kazi ya moyo wangu ni nyingine, ni app ninayoiandika mwaka wa tatu sasa pamoja na kijana wa Nampula anaitwa Valter ambaye sijawahi kumwona uso kwa uso, tumeiita Ushungi, ni VPN ya simu, yaani ukiiwasha mazungumzo yako yanapita yamejifunika, mwenye mtandao anaona mtu kapita lakini hajui ni nani wala anakwenda wapi, na hatuiuzi, na kila tulichoandika tumekiweka wazi ili anayejua kusoma msimbo aingie akague mwenyewe kwamba hatuna kificho, na watu wanaoitumia wameshazidi elfu nne, wengi wao ndugu zetu waliotawanywa na vita.

Kwenye ukurasa wa kwanza tumeahidi kwa Kiswahili na Kireno kwamba hatuandiki nani kapita. Ahadi hiyo naipenda, Bi Nafisa. Mchana joto likizidi na wateja wakipungua huegemea meza nikafumba macho, na hapo nawaona watu wangu elfu nne wanapita kwenye ghuba ya Tungue maji yakiwa yametoka, mchanga unang'aa mpaka mbali, kila mmoja na ushungi wake, hakuna anayegeuka wala mimi simwiti mtu, natulia kama mtoto aliyeshiba.

Sasa sikia balaa langu. Nilipozaliwa mama yangu aliumwa sana, akaninyonyesha jirani yetu Bi Ancha, ziwa moja mimi na ziwa moja mwanawe Momade, kwa hiyo Momade ni ndugu yangu kabisa, na Ushungi ulipoanza yeye ndiye alikuwa mtu wa kwanza kuujaribu, ufunguo wa kuingilia nilimtengenezea kwa mkono wangu, namba moja. Miezi minane iliyopita aligombana na mama yake kwa sababu ya mke waliyemchagulia, akafunga begi, akanipitia kibandani akasema, "Awa, mie n'kitulia n'tapiga simu mwenyewe, msin'tafute." Namba yake haipatikani tangu siku hiyo.

Bi Ancha akasikia kwa watu kwamba simu za Ushungi zote zinapita kwangu, akawa anakuja kila siku baada ya alasiri anakaa kwenye kigoda changu, haulizi kitu, anakaa tu, mpaka Jumatano iliyopita akasema, "Mwanangu, wewe una dirisha. Hebu chungulia."

Nikamwambia, "Mama, dirisha hilo tumeliziba wenyewe."

"Lizibue. Sitaki aseme nami, nataka kujua kama anapumua."

"Siwezi, mama."

Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Basi sikuhalalishii maziwa yangu." Akaondoka.

Bi Nafisa, unajua uzito wa neno hilo. Sikula siku ile. App yenyewe iko wazi kwa wote, lakini seva, ile mashine ambayo watu wote hupitia, funguo zake ninazo mimi, hakuna anayeikagua, na ndani yake kuna mstari mmoja ambao kila dakika unafuta nani kapita. Usiku ule niliuondoa huo tu. Sikuandika kitu kipya, niliondoa mstari mmoja.

Jumamosi saa tatu asubuhi ufunguo namba moja ukawaka, kutoka mji wa …………, ng'ambo ya Ruvuma. Nililia hapo hapo mbele ya mteja. Lakini kilichobaki hakikuwa cha Momade peke yake, kilibaki cha kila mtu, na kwa kuwa wengi wa hapa Palma funguo zao niliwawekea mwenyewe kibandani, sasa najua mambo ambayo sikutaka kuyajua, nani anadai yuko kule Pemba ya Msumbiji naye yuko hapa hapa, na tangu siku hiyo nikifumba macho mchana watu wangu wote wamesimama pale mchangani, shungi zimewaanguka, wananitazama. Bi Ancha sijamwambia. Valter sijamwambia. Nikisema nimevunja ahadi, nikinyamaza nimekosa radhi ya aliyeninyonyesha. Nifanye nini?

Awa, Palma

*

Awa mwanangu, marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho, sasa ni zamu yako kunyamaza.

Weka gazeti hili chini, nenda karudishe ule mstari, ufute na vyote vilivyobaki. Nakusubiri.

Umerudi? Haya.

Kwanza, majina yote nimeyabadilisha, hata la app yako, maana kati yetu wawili lazima awepo mmoja anayejua kutunza siri. Na zile nukta kwenye barua yako nimeziweka mimi. Uliandika jina la mji, nami nikalifuta kwa kalamu kabla halijafika kwa mpiga chapa. Kina mama waliopotelewa na watoto hapa kwetu ni wengi mno, hakuna atakayejua ni yupi.

Pili, nikugombeze kidogo. Umeona ufunguo, hukumwona Momade. Huku kwetu simu moja huzunguka kama sufuria ya shughuli: leo ya kaka, kesho kaazimwa shemeji, wiki ijayo imeuzwa bandarini Mocímboa na kila kitu ndani yake. Wewe unatengeneza simu, hayo unayajua kuliko mimi. Ungemwambia Bi Ancha mwanao anapumua, akapika sadaka, akaita majirani, kumbe anayepumua ni muuza dagaa. Hapo ungemzika mwanawe mara ya pili. Ulishukuru haraka, binti, na ninakuelewa, hata mimi ningelia mbele ya mteja.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni wale wengine. Mtu mmoja katika elfu nne wako anamkimbia mume anayempiga. Mwingine anaumwa na hataki kwao wajue. Walikuja kwako kwa sababu ulisema hutazami. Tumefundwa tangu wadogo kwamba mlangoni kwa mtu unapiga hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka, hata kama unasikia mchi unatwanga ndani. Wewe, kwa ajili ya mtu mmoja, uliingia nyumba za watu wote bila hodi. Usijifiche nyuma ya "niliondoa mstari mmoja tu". Anayeondoa komeo la mlango naye haongezi kitu.

Kwa hiyo leo hii mwandikie Valter. Kisha andika pale pale penye ile ahadi, kwa lugha zote mbili na kwa jina lako: kuanzia Jumatano hadi siku fulani tuliona, tumefuta, kosa ni langu. Wapo watakaokukimbia, na wana haki. Na funguo za seva usizishike tena peke yako, wewe na Valter mtafuteni mtu wa tatu wa kuwakagua, kwa sababu machozi ya mama yeyote yanaweza kukurudisha pale pale.

Sasa maziwa. Mimi nimenyonyesha watano, na wawili si wa tumbo langu. Neno lile mwanamke hulisema akiwa amekosa la kusema, na asubuhi yake anatamani amrudie mtoto na bakuli la uji. Bi Ancha alikunyonyesha kwa sababu ulikuwa unalia na yeye alikuwapo. Sasa anayelia ni yeye. Nenda kwake wewe, usimngoje kigodani. Usimwambie ulichokiona, maana hukukipata kwa halali na wala huna hakika nacho. Mwambie hivi: "Mama, kuchungulia siwezi, lakini kupiga hodi naweza."

Muulize anataka kumwambia nini mwanawe, neno moja, bila jina la mtu wala mahali. Najua kina mama wa pwani hii, hatasema "nakupenda". Atakwambia pengine kwamba kitanda chake cha kamba hakijalaliwa na mtu, au habari za yule mke hazisemwi tena nyumbani. Neno hilo liweke kwenye ukurasa wa kufungulia wa Ushungi, walione wote, Ijumaa tatu mfululizo. Chini yake andika: namba ya mama haijabadilika. Ijumaa ya tatu ikipita Momade hajaitika, liondoe, ukae na Bi Ancha, umpikie. Mtoto wake ni mtu mzima, ana ruhusa ya kunyamaza, na mama yake atakuwa amebisha mlangoni kwa heshima yake.

Mimi mwenyewe nina mmoja ambaye hajanipigia tangu Ramadhani. App yako nimeiweka kwenye simu jana, nimehangaika nayo lakini imekaa.

Na jiandae, Awa. Katika elfu nne wako, wangapi wana kitanda nyumbani ambacho hakijalaliwa na mtu? Ijumaa hiyo zitalia simu za kina mama ambao hukuwaita.