Maji Juu ya Fuvu la Nyangumi

Dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, alhamdulillahi, ila moyo ndio umelala chini. Na wewe je, mguu ule bado unakusumbua? Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu nikisikia tu sauti yako, yangu inakatika.

Unaijua kazi yangu hapa makumbusho, huku ugenini: kusafisha mifupa ya kale. Mwezi uliopita nilipewa fuvu la nyangumi mwenye meno, wa aina iliyokwisha kabisa duniani. Meno yenyewe manene kama mihogo. Lilichimbwa shambani, mahali palipokuwa bahari hapo zamani. Nilikuwa nalipangusa kwa brashi kavu, maana mwiko mkubwa ni maji: mfupa ule ukiyanywa, unapasuka.

Siku uliponipigia kuniambia Baba ametutoka na atazikwa baada ya alasiri, nilikuwa nimeliinamia hilo fuvu. Hakuna ndege ambayo ingeniwahisha. Nikakumbuka alivyoniambia nilipokuwa naondoka Tongoni: "Nenda, Bakari, lakini maji yangu ya mwisho utanimwagia wewe." Mwanawe wa kiume ni mimi peke yangu, Dada.

Sijui hata niliinukaje. Nilichota maji ya vuguvugu kwenye ndoo, nikaanza kuliosha fuvu upande wa kulia, taratibu, mara tatu, kama tulivyofundishwa madrasa kuosha maiti. Nililia mpaka nikajionea aibu. Halafu jino moja likamegukia mikononi mwangu.

Mama mmoja, mkubwa wetu wa kazi, akaja kuniuliza nimepatwa na nini. Nikamweleza yote kwa lugha yao, nikiivunjavunja. Hakunifokea. Aliokota vipande, akasema jino wataliunganisha kwa gundi, ila fuvu nisiliguse tena. Siku hizi nafagia sakafu. Simlaumu mtu, kosa ni langu.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa Maramba aliyetulea baada ya Mama. Mwalimu wetu wa madrasa naye mpe salamu, umwambie mafunzo yake nimeyatumia mahali pasipo pake.

Dada, siku ile sikuthubutu kukuuliza. Nani alimwosha Baba? Na huyo mtu, kabla ya kumwaga, aliyapima maji kwa mkono wake kwanza? Baba alikuwa hayawezi maji ya baridi.

Mdogo wako,
Bakari