Giligilani ya Mama Mkwe, na Theluji Ndiyo Kwanza Imeyeyuka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa haraka na unisamehe madoa ya udongo kwenye karatasi, leo theluji imeisha nyuma ya nyumba na nimeuona udongo kwa macho yangu, mweusi, laini, moyo unanidunda, lakini mume wangu, fundi bomba ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu, ananiambia nisubiri joto, na mwaka jana nilimsikiliza, giligilani ikakimbilia kutoa maua kabla sijachuma hata kiganja kimoja, na mwaka huu sithubutu kukosea kwa sababu mama mkwe anakuja baada ya wiki saba, na tangu baba mkwe afariki chakula anadonoa tu, amekonda, ila juzi kwenye simu akaniambia, "Mwanangu, natamani giligilani mbichi," nikamwahidi papo hapo, basi nimeotesha miche ishirini dirishani kwenye vikopo vya mtindi, lakini kila asubuhi kabla ya kwenda kushona huwa naing'oa kidogo niangalie mizizi halafu nairudisha, na sasa yote imelala chali, je, niitoe nje leo au nisubiri?

Fundi cherehani, roho juu

Fundi, kwani nguo ukishaishona huwa unaifumua kila asubuhi kuona kama uzi umeshika? Nimecheka, kisha nikaihurumia hiyo miche. Giligilani haipendi hata kuhamishwa, sembuse kung'olewa kila siku. Hiyo isahau.

Lakini furaha yako ni ya haki, na mumeo abaki na mabomba yake. Giligilani huvumilia baridi ya wastani. Joto ndilo adui yake. Mbegu hupandwa nje moja kwa moja, wiki mbili tatu kabla ya baridi ya kugandisha kwisha kwenu. Finyanga udongo mkononi. Ukimomonyoka, panda leo. Ukigandamana kama unga uliokandwa, ngoja siku chache. Fukia mbegu kina cha ukucha wa kidole gumba, mwagilia, na baridi ikikaza funika kwa shuka kuukuu. Wiki ijayo ongeza mstari mwingine, usiweke tumaini lote kwenye mmoja. Wiki saba zinatosha kwa majani machanga, ila hazina nafasi ya kusitasita.

Halafu usifukue. Wiki mbili nzima, pengine tatu, utaona udongo mtupu na mikono itakuwasha. Nenda kashone.

Mama mkwe akifika, usimpelekee majani mezani. Mpe mkasi, achume mwenyewe. Ukimwona anatafuna jani huko huko bustanini, bandika sufuria.